Asiyeona Aliyekuja Kutaka Elimu

Kila Ijumaa, sala inapokwisha na watu wanapotafuta viatu vyao, milangoni mwa misikiti yetu ya mjini Mwanza huwapo ndugu kadha wa kadha walioketi chini wakingoja. Mmoja haoni, wa pili miguu yake haimchukui, wa tatu ngozi yake imeunguzwa na jua hata midomo imepasuka. Waislamu wa mji huu, Alhamdulillahi, si wachoyo. Mkono huingia mfukoni, sarafu huanguka katika kibakuli, dua huombwa, na kila mtu hurejea kwake kula wali wa Ijumaa hali moyo wake umetulia.

Sadaka hiyo hatuna neno juu yake. Mwenyezi Mungu aikubali. Lakini twawaomba wasomaji wetu wajiulize swali ambalo aghalabu haliulizwi pale mlangoni. Mtu huyu alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, alikuwa wapi? Wenzake wa rika lake walipovaa sare na kwenda kidato cha kwanza, yeye aliachwa wapi, na ni nani aliyeamua kuwa aachwe?

Watoto wetu wa madrasa huihifadhi Sura ya Abasa, ya 80 katika Kurani Tukufu, tangu wakiwa wadogo, kwa kuwa imo katika Juzuu Amma, na wengi huisoma kwa sauti nzuri pasi na kukumbuka iliteremka kwa ajili ya nani. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji kuwa wakisilimu wao, watu wengi watasilimu nyuma yao. Ndipo akatokea Abdullah bin Umm Maktum (R.A.), mtu asiyeona, naye hajui ni mazungumzo gani aliyoyakatiza. Kilichofuata msomaji anakijua. Sisi hapa twataka kutazama jambo moja ambalo wahubiri wetu hulipita mbio: Ibn Umm Maktum alikuja kutaka nini? Hakuomba tende, wala nguo, wala dirhamu. Aliomba afundishwe. Haki iliyosimamiwa kutoka mbinguni siku ile ilikuwa ni haki ya mwanafunzi juu ya mwalimu wake.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mtu huyo alikuwa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.), hata katika Ramadhani watu wa Madina walikula daku mpaka wasikie adhana yake. Bwana Mtume (S.A.W.) alipotoka mjini, zaidi ya mara moja alimwacha yeye Madina awasalishe watu. Imepokewa pia kwamba alikuja mtu asiyeona kuomba ruhusa ya kusali nyumbani kwake kwa kuwa hana wa kumwongoza njia, na wengi wamesema kuwa ndiye huyo huyo. Akaulizwa kama huisikia adhana. Aliposema kuwa huisikia, akaambiwa aiitikie. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya hukumu itokanayo na hadithi hii, nasi hatuna haja ya kuyaingia. Lakini mwalimu yeyote wa shule ataona humo jambo la kumfaa: mtu yule hakuwekwa kando kwa kuhurumiwa. Alitakiwa afike kama walivyotakiwa wengine.

Sisi tuandikao haya hatukusoma sekondari. Elimu yetu ni ya chuoni na ya darasa la saba. Lakini wanafunzi wa sekondari wa hapa Mirongo na mitaa ya jirani huja kwetu jioni, wakiwa bado wamevaa sare, na mtoto aliyedharauliwa mchana hujulikana jioni kwa namna anavyoketi. Twaandika yale tuyaonayo kutoka upande huo.

Inaposemwa elimu ya watoto wenye ulemavu, fikira za wengi huenda kwenye shule za msingi. Na kweli huko kazi imefanyika. Buigiri, karibu na Dodoma, wasioona wamefundishwa tangu mwaka 1950. Tabora ilipata shule ya viziwi mwaka 1963. Dar es Salaam iko Uhuru Mchanganyiko, ambayo jina lake lenyewe latangaza kuwa watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu wamo pamoja. Nasi watu wa Mwanza tuna jirani yetu, Shule ya Msingi Mitindo, katika wilaya ya Misungwi, iliyowapokea watoto wasioona na wenye ualbino kwa miaka mingi. Taabu huanza pale mtoto anapofaulu.

Katika madarasa ya chini ya shule ya msingi mwalimu mmoja hukaa na watoto wale wale, akamjua kila mmoja kwa jina, kwa mama yake na kwa kikohozi chake. Akiwa Juma haoni ubao, mwalimu huyo ataambiwa mara moja na yamkini atakumbuka. Sekondari sivyo. Kila somo lina mwalimu wake. Huyu huingia na Jiografia, akatoka. Akaingia wa Kemia, akatoka. Wa Hisabati hana nafasi hata ya kufuta ubao wa mwenzake. Mtoto aliyekuwa akieleza hali yake kwa mtu mmoja sasa amepaswa kuieleza kwa watu wanane au tisa, na tena kwa Kiingereza, lugha ambayo hajaizoea. Mtoto wa miaka kumi na minne ana haya. Ataeleza mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu atanyamaza, akaandika asichokiona. Mwisho wa mwaka wataambiwa wazazi wake kuwa akili yake ni nzito.

Hali sheria haina upungufu katika jambo hili. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo inamtaka kila mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, iwe ya umma au ya mtu binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya namna ya pekee. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Tena si jambo la watu wachache: sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa watu wenye ulemavu wa namna mbalimbali ni asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Mlango basi umefunguliwa kwa maandishi. Lakini mtoto haingii darasani kwa kupitia karatasi.

Tuanze na jambo linaloihusu Mwanza kuliko miji mingine. Tangu mwaka 2007 hivi, mikoa yetu ya kandokando ya ziwa imepata sifa mbaya duniani kwa kuuawa na kukatwa viungo watu wenye ualbino, kwa sababu ya ramli na tamaa ya mali. Watoto walitolewa majumbani mwao wakakusanywa katika shule za bweni ili wasalimike: Mitindo hapa kwetu, Buhangija Shinyanga, Kabanga huko Kasulu. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Muislamu hakuhitaji kungoja tangazo hilo, maana ramli imeharamishwa kwake tangu karne kumi na nne zilizopita; na anayekwenda kwa mpiga ramli usiku kisha akasimama safu ya mbele alfajiri, ni juu yake kujua anamfanyia nani mchezo.

Kuwakusanya watoto vile kuliwaokoa, wala hatuthubutu kukulaumu. Lakini wako waliokaa huko miaka mingi, wakazoea kuishi mbali na baba na mama, wakarudi nyumbani wageni. Sekondari ya kutwa iliyo karibu na nyumbani ndiyo nafasi ya kuwarejesha watoto hawa kwa jamaa zao. Basi ni juu ya majirani kuifanya njia ya kwenda shule kuwa njia ya salama: mtoto asitembee peke yake asubuhi kukiwa bado giza, na aandamane na wenzake wa mtaa mmoja. Hili halihitaji fedha ya mtu yeyote.

Akifika shuleni kwa salama, jua linamngoja. Mwanza iko kiasi cha digrii mbili na nusu tu kusini ya mstari wa Ikweta, juu ya nyanda zinazozidi mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na jua letu ni kali hata siku ya mawingu. Ngozi ya mwenye ualbino haina ile rangi inayoikinga ngozi ya wengine, na kuungua kwake kwa kila siku huweza kuzaa saratani angali kijana. Kwa hiyo kofia pana na shati la mikono mirefu kwake yeye ni dawa, si urembo wala ukaidi wa sare. Twasikia mara kwa mara ya vijana waliovuliwa kofia katika gwaride la asubuhi kwa kuwa kofia haimo katika sheria za shule. Na wasichana wetu, je? Wazazi wengi wa Kiislamu hudhani kuwa binti akiisha kuvaa hijabu amekingika. Hijabu hufunika nywele na shingo, lakini haiutii uso kivuli. Pua, mashavu na midomo vyote vimo juani. Binti huyu na avae kofia pana juu ya hijabu yake, na mzazi aende mwenyewe kwa mkuu wa shule kulieleza hilo kabla binti hajaaibishwa mbele ya wenzake. Mafuta ya kukinga jua yako, na mengine hutengenezwa papa hapa nchini, Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC. Mwalimu wa zamu naye anaweza kumpa kazi ya kufagia darasa wakati wengine wanafyeka majani saa sita mchana. Apewe kazi, asisamehewe. Ila iwe kazi ya kivulini.

Jambo la macho halijulikani sana, nalo ndilo linaloangusha watoto hawa katika mitihani. Aliye na ualbino huzaliwa na uoni hafifu. Miwani humsaidia kwa kiasi, lakini haimrejeshei macho ya watu wengine. Mboni zake huchezacheza bila ya yeye kutaka, na mwalimu asiyejua hudhani mtoto hatulii au anamdharau. Mwanga mkali humwumiza. Huyu anatakiwa kuketi mbele, lakini si kando ya dirisha. Aruhusiwe kuinuka na kusogea hadi kwenye ubao bila ya kuomba ruhusa kila mara. Mwalimu aandike herufi kubwa, na ayasome kwa sauti yale anayoyaandika. Karatasi ya maswali ipelekwe kwenye duka la fotokopi ikuzwe kutoka A4 hadi A3. Twamjua kijana mmoja, shule yake hatuitaji, aliyewekwa nyuma darasani kwa sababu tu ni mrefu na anawakinga wenzake. Alikaa nyuma muhula mzima akinakili daftari la jirani yake, pamoja na makosa yote ya jirani yake.

Sasa tuwaendee wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Hapa waalimu wa madrasa tuna jambo la kuwaambia wazazi, kwa sababu sisi ndio tunaowasikiliza watoto herufi kwa herufi. Mtoto anayechanganya sin na shin, au fa na tha, kila siku, ilhali herufi nyingine anazitamka barabara, aghalabu huambiwa kuwa ulimi wake ni mzito. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine ulimi hauna kosa. Sauti hizo nyembamba ndizo huwa za kwanza kulipotea sikio linalodhoofika, na mtoto hawezi kuitamka sauti asiyoisikia. Simama nyuma yake, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara ya kwanza wala ya pili, usimwite mkaidi. Mpeleke apimwe masikio. Na sikio litokalo usaha ni ugonjwa wa kutibiwa hospitali, wala halitibiwi kwa mafuta ya kupasha moto. Vivyo hivyo mtoto anayeuleta msahafu karibu na pua ndipo asome: huyo mpeleke kwa daktari wa macho. Hospitali ya Bugando tunaiona juu ya mlima wake kila tutokapo nyumbani.

Mtoto asiyesikia vizuri huweza kujikokota katika shule ya msingi kwa kutazama midomo ya mwalimu anayesema Kiswahili. Akifika sekondari, midomo ile ile yaanza kusema Kiingereza, na yote aliyojifunza juu ya midomo humpotea. Mwalimu naye ana tabia ya kusema huku ameuelekea ubao akiandika. Mtoto huyo huona mgongo tu. Kumgeukia, kunyamaza wakati wa kuandika na kusema wakati wa kutazamana, ni jambo lisilogharimu hata kipande cha chaki.

Kiziwi kamili ana haja nyingine. Yeye anayo lugha yake, Lugha ya Alama ya Tanzania, na kumweka peke yake katika darasa la watu sitini wasioijua hata alama moja ni kumfunga katika chumba cha kimya, kisha tukajisifu kuwa tumemchanganya na wengine. Hapa hatukubaliani na wale wanaosema kuwa shule za pekee zote zifungwe. Kiziwi anahitaji viziwi wenzake na waalimu wanaojua alama. Ama wapatikane katika shule ya kawaida, ama apelekwe waliko. Sheria yenyewe imeliona jambo hili. Waalimu wa elimu maalumu hufunzwa katika chuo cha Patandi, Arusha, na huko Patandi imejengwa pia sekondari kwa ajili ya wanafunzi wenye mahitaji haya. Mzazi amwulize afisa elimu ni shule zipi katika mkoa zilizo na waalimu hao, wala asikubali kujibiwa kuwa mtoto aende tu iliyo karibu.

Watu wa Mwanza twajua tena jambo ambalo mtu wa Dodoma hahitaji kulifikiri: mawe. Nyumba za Mabatini, za Igogo na za Isamilo zimepanda vilima pamoja na majabali, na njia zake ni ngazi za kuchonga. Kijana wa kiti cha magurudumu hushushwa mgongoni mwa kaka yake kila alfajiri, ndipo apate bajaji barabarani. Akifika shuleni huenda akakuta darasa la kidato chake liko ghorofani. Madarasa hayana miguu, lakini ratiba inaweza kubadilishwa. Kidato kizima kishushwe chini kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, na hakuna atakayedhurika. Na choo? Wazazi wa kiume hawalitaji jambo hili, basi tulitaje sisi. Msichana ambaye kiti chake hakipiti mlango wa choo hujizuia kunywa maji tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani jioni, katika joto hili letu. Huyo amefunga saumu ambayo hakuna aliyemwamuru kuifunga. Mlango mmoja mpana na chuma cha kushikia ukutani ni kazi ya fundi wa siku mbili.

Juu ya kifafa tutasema machache. Ni ugonjwa wa ubongo, una vidonge vyake, na hauambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Mwanafunzi akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu chochote kinywani. Na katika Ramadhani asiache dawa kwa kauli ya jirani. Amwulize daktari kwanza, kisha shehe.

Twajua yatakayosemwa. Mzazi mmoja atasema: mwalimu akishughulika na huyu asiyeona, mwanangu atachelewa. Twamjibu: mwalimu anayesoma kwa sauti anachokiandika, anayeandika herufi kubwa, anayetazama wanafunzi badala ya ukuta, ni nani katika darasa asiyefaidika naye? Mwingine atasema: tumwonee huruma, asifanye mtihani wa jaribio, apewe tu alama za kupita. Huruma ya namna hii ni mbaya kuliko ukali. Kijana aliyepitishwa bure kutoka kidato hadi kidato atajulikana siku ya mtihani wa Taifa, na siku hiyo hakuna wa kumhurumia. Wa tatu, naye huyu ni baba wa mtoto mwenyewe, atasema: hata akisoma, atapata kazi gani?

Baba huyu tunampa majina. Taha Hussein alizaliwa Misri mwaka 1889 akapoteza macho angali mtoto mchanga. Alianza kama waanzavyo watoto wetu, chuoni, akahifadhi Kurani, akaenda Al-Azhar, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kairo mwaka 1914 na nyingine Ufaransa. Wanazuoni wengi waliyapinga baadhi ya maandiko yake, wala hatusemi walikosea. Lakini mwaka 1950 asiyeona huyo alikuwa Waziri wa Elimu wa Misri, na katika wakati wake ada za shule za sekondari ziliondolewa kwa watoto wote wa nchi, wenye macho na wasio na macho. Hapa kwetu, Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, alichaguliwa na watu wa Lindi Mjini kuwa mbunge wao mwaka 2010. Dakta Abdallah Possi, mwenye ualbino pia, mwanasheria, alifanywa Naibu Waziri mwaka 2015, na mwaka 2017 akateuliwa balozi wetu Ujerumani. Hakuna awezaye kuwa mwanasheria asipopita kidato cha kwanza, tena kwenye madawati yale yale.

Nanyi vijana, msidhani makala hii ni ya wazee peke yao. Mwalimu hukaa na mwenzenu dakika arubaini. Ninyi mnakaa naye kutwa. Twasikia mitaani jina baya kabisa, "dili", wakiitwa watu wenye ualbino, maana yake kuwa viungo vyao ni biashara. Anayelitamka hilo kwa mzaha anacheza na damu. Sura ya Hujurat imekataza dharau na kupachikana majina mabaya. Someni Aya ya 11, kisha mwangalie majina mnayoitana. Mwenzenu asiyeona ana haja ya mtu wa kumsomea daftari la leo jioni ya leo, si wiki ya mtihani. Asiyesikia ana haja ya mtu wa kumwonesha ukurasa gani unasomwa. Na mjifunze nukta nundu kidogo, japo herufi za jina lenu. Ni nukta sita tu katika kila herufi, mpango alioutengeneza Mfaransa asiyeona, Louis Braille, katika karne ya kumi na tisa. Hata Kurani imechapwa kwa nukta hizo, na ajabu yake, ingawa ni Kiarabu, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Hapa ndipo sadaka ya Ijumaa inapopata kazi yake. Ada imeondolewa, lakini nauli ya bajaji haikuondolewa, wala bei ya miwani, mafuta ya ngozi na karatasi za nukta nundu. Msikiti ukiamua kulipa bajaji ya mwanafunzi mmoja asiye na uwezo kwa muhula mmoja, kamati iandike katika daftari lake, ilipe kila wiki, na isimsimamishe mtoto mbele ya safu kushukuru.

Wazazi ambao watoto wao wataingia kidato cha kwanza Januari, wasingoje shule ifunguliwe. Andikeni barua kwa mkuu wa shule, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: jina la mtoto, hali yake kama alivyoieleza daktari, aketi wapi, avae nini, ahitaji nini katika maandishi. Ombeni barua hiyo isomwe mbele ya waalimu wote wa masomo, si kwa mwalimu wa darasa pekee. Na mwombe mkuu wa shule amwandikishe mtoto kwa Baraza la Mitihani kuwa ni mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, mapema, wakati wa kusajili watahiniwa. Baraza huwapa wasioona mitihani ya nukta nundu, na wenye uoni hafifu maandishi yaliyokuzwa. Na huwaongezea muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Katika mtihani wa Hisabati wa saa tatu, hiyo ni saa nzima. Nakala ya barua ibaki nyumbani, pamoja na tarehe mliyoipeleka na jina la aliyeipokea.